Mlima wa Elektroni

"Ukianguka, mtani wangu, nakuzika papo hapo," Hafidhi alisema bila kugeuka nyuma. "Tena nakuzika wima, usituharibie nafasi ya migomba."

"Azikwe wima mama mkwe wako," Inspekta Sabra alimjibu huku pumzi zikimkatika. "Ninyi Waluguru mmezaliwa na mguu mmoja mfupi kwa ajili ya mteremko. Sisi wenye miguu iliyolingana tufanyeje?"

Hafidhi alicheka mpaka kicheko chake kikarudi kutoka ng'ambo ya korongo. Sabra alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Hafidhi Mluguru wa Mkuyuni, na tangu walipotoka mjini asubuhi hawakuwa wamesemeshana neno moja la adabu. Ndiyo desturi. Mtani akikuambia atakuzika unamuuliza sanda ya rangi gani, mnacheka, na njia inakuwa fupi.

Ila njia hii ilikataa kuwa fupi. Gari la polisi lilikuwa limenasa kwenye tope chini ya kijiji cha Kitunduma, Konstebo Mosi akabaki kulisukuma na kulitukana kwa zamu, na Sabra akaona heri apande kwa miguu na Hafidhi, mtaalamu wa mradi wa antena, kuliko kukaa kungojea. Hakuwa na muda wa kungojea. Kesho yake jalada la Paulo, mkulima wa hapo kijijini aliyekuwa mahabusu, lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na shtaka la mauaji halina dhamana. Mkuu wake, Afande Twalibu, alikwisha kulifunga kwa kamba na kusema kesi imekwisha.

Na kweli ilionekana imekwisha. Juu ya kijiji, kwenye shamba la ukoo wa akina Paulo, mradi wa chuo kimoja ulikuwa umesimika antena ya kusikiliza setilaiti. Fundi na mlinzi wake alikuwa Wilfred, mtu mpole aliyependwa hata na mbwa wa jirani. Jumatano Wilfred hakurudi kulala. Ijumaa wakata majani wakamkuta chini ya korongo, shingo imevunjika. Daktari alisema amekufa Jumatano, lakini saa hakuweza kuitaja, kwa sababu maiti ilikwisha kunyeshewa na kupigwa baridi. Saa ikatajwa na mashine. Hafidhi, msoma takwimu wa mradi, alileta kituoni grafu iliyoonyesha kwamba Jumatano saa tatu asubuhi antena ilinyamaza ghafla, kama waya umeng'olewa, halafu baadaye ikarudi hewani. Na Jumatano saa tatu asubuhi nusu ya kijiji ilimwona Paulo akipanda kule na panga mkononi, akipiga kelele kwamba dude la Wilfred linafukuza mvua.

Mbaya zaidi, mvua iliyokuwa imegoma wiki nzima ilishuka Alhamisi. Kijijini hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini Sabra aliliona machoni mwa watu. Mtu amekufa, mvua imekuja. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

Kabla hawajaanza kupanda, mwanamke mmoja mwenye tenga tupu kichwani alikuwa amewazibia njia. Alikuwa Regina, dada mkubwa wa Paulo.

"Shikamoo, mama," Sabra alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wangu amekula?"

"Amekula."

"Sikatai kwamba asubuhi alikwenda kumfokea yule fundi. Mdomo wa Paulo naujua, tumenyonya ziwa moja. Lakini alirudi nyumbani, akala kiporo, mchana akateremka Mkuyuni na kabichi zake. Alasiri yote alikuwa anapakia lori. Waulize watu wa sokoni."

"Nimewauliza, mama. Wamesema hivyo hivyo. Lakini mashine inasema fundi alikufa asubuhi."

Regina alimtazama Hafidhi, kisha akamtazama Sabra. "Basi mashine yenu ndiyo itakayomnyonga mdogo wangu," alisema, akaendelea na wenzake kwenda shamba la juu kuvuna. Hakulia wala hakulaani. Sabra aliona heri angelaani.

Sasa walifika. Kituo chenyewe kilikuwa kiwanja kidogo kilichochongwa ubavuni mwa mlima: nguzo fupi ya zege, juu yake antena nyeupe kama sufuria iliyofunikwa, paneli ya sola, na kisanduku cha chuma chenye kufuli. Upande wa kushoto shamba la karoti. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umelijaza korongo mpaka ukingoni, na mtu asiyepajua angeweza kudhani ni uwanja mweupe, akapiga hatua. Sabra alisogea kushoto bila kujijua.

"Unaogopa, mtani?" Hafidhi aliuliza.

"Naogopa kukufia wewe. Utanizika wima."

Alianza kazi. Aliipima kwa macho nafasi kati ya nguzo na ukingo. Alitazama majani yaliyolala pale wakata majani walipochungulia, akainama chini ya antena na kuushika waya mweusi unaoshuka kwenda kisandukuni. Kichwa cha waya kilikuwa na nati ya shaba. Aliijaribu kwa vidole. Haikuwa ya kuchomolewa wala kuchomekwa kama chaja ya simu. Ilizungushwa taratibu, nyuzi kwa nyuzi, na aliyeizungusha aliikaza vizuri.

Huu ndio mwiba uliokuwa umemkaa Sabra rohoni tangu Ijumaa. Aliueleza kwa sauti ya kawaida.

"Paulo analichukia hili dude. Anataka life. Analing'oa waya, sawa. Kwa nini tena aurudishe?"

"Hakuurudisha yeye," Hafidhi alisema papo hapo. "Kaung'oa, wakagombana. Wilfred kaurudisha, maana ndiyo kazi yake. Paulo kuona hivyo akapandwa na hasira, akamsukuma. Unaona? Kelele, waya, waya tena, halafu korongo."

Jibu lilikaa vizuri. Lilikaa vizuri kupita kiasi, kama nguo iliyokwisha kupigwa pasi na kutundikwa ikingojea mgeni. Lakini jibu zuri si kosa la jinai, na Sabra hakuwa na lingine la kuweka mahali pake. Aliketi juu ya jiwe apumue. Alikuwa amekwama, na mtu aliyekwama huuliza lolote linalokuja mdomoni.

"Hebu niambie, mtani. Linafukuza mvua au halifukuzi?"

Hapo alikuwa amemgusa Hafidhi panapowasha. Kijana wa watu aliweka begi chini, macho yakamwaka.

"Mvua! Mvua iko huku chini, mawingu yenyewe ndiyo haya tunayoyapumua. Sisi tunashughulika na juu kabisa, kwenye ionosfea, huko jua linakoipiga hewa mpaka inamwaga elektroni. Setilaiti inatuma mawimbi mawili ya redio kwa mpigo mmoja. Yangepita patupu yangefika pamoja. Lakini yanapita kwenye elektroni, na wimbi moja linacheleweshwa kuliko lingine. Umewahi kutuma watoto wawili dukani wakati wa masika? Mmoja mwepesi, mmoja mzito. Wakirudi, ukitazama wamepishana kiasi gani, unajua tope la njiani lina kina gani. Basi ndiyo kazi yetu. Tunapima tope la juu."

"Na hilo tope lipo siku zote?"

"Linapikwa na jua, mtani." Kifuniko cha kisanduku kilikuwa kimelowa kwa ukungu. Hafidhi alichora juu yake kwa kidole, kuanzia kushoto. "Usiku hakuna jua, elektroni zinapungua. Alfajiri ndipo zinapokuwa chache kabisa. Jua likichomoza, zinaanza kupanda. Asubuhi yote zinapanda. Adhuhuri bado zinapanda. Baada ya hapo zinafika kileleni, na alasiri ndiyo zinaanza kushuka, zinashuka mpaka usiku." Kidole kilikuwa kimechora mlima mzuri, wenye mgongo laini. "Kila siku ya Mungu. Siku nyingine mlima mrefu, siku nyingine mfupi, umbo lile lile. Mimi hata ukiniamsha usingizini ukanionyesha kipande cha mstari bila saa, nitakuambia hii asubuhi, hii alasiri. Hakuna wa kunidanganya."

Sabra aliutazama ule mlima. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kileleni, lakini umbo lilibaki.

Grafu ya polisi hakuhitaji kuitoa mfukoni. Alikuwa ameitazama hadi ikamwingia ndotoni: kipande kifupi tu cha siku, mstari, pengo, kisha mstari tena. Chini yake mtu ameandika saa tatu asubuhi. Na ule mstari, kabla ya pengo, ulikuwa unateremka. Baada ya pengo ulikuwa chini zaidi, na bado unateremka.

Asubuhi elektroni zinapanda.

Aliyeibadilisha grafu alikuwa amesogeza saa tu. Mlima aliuacha ulivyo, kwa sababu alijua polisi hawajui kusoma mlima. Wilfred hakufa asubuhi. Alikufa alasiri, wakati Paulo anapakia kabichi Mkuyuni mbele ya soko zima. Na waya ulirudishwa na mtu asiyependa kuona pengo kwenye takwimu zake. Asubuhi ya Jumatano Hafidhi alikuwa ofisini mjini, wafanyakazi wote walimwona. Alasiri alikuwa wapi? Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia polisi waulize habari za asubuhi.

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema. Safari hii ulikuwa umeponza viwili, maana wa Sabra nao ulikuwa umekwisha kuteleza kabla hajaushika.

"Kwa hiyo asubuhi hauwezi kushuka?"

"Ushuke uende wapi!" Hafidhi alicheka. "Jua linapanda, wewe..."

Kicheko kilibaki usoni muda kidogo, macho yakatangulia kuondoka. Alikitazama kifuniko, akautazama mlima wake mwenyewe. Kisha akaufuta kwa kiganja, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Tushuke, Inspekta," alisema. "Ukungu unazidi."

Inspekta. Tangu asubuhi alikuwa ameitwa mpagazi, mchawi, mla panya, jeneza linalotembea. Alikuwa ameahidiwa kuzikwa mara nyingi na kila mara akacheka. Sasa aliitwa kwa cheo chake, kwa heshima zote. Mtani anayekutishia ni ndugu. Anayeacha kukutania amekwisha kuamua kwamba wewe si mtu wake tena.

Hafidhi alifungua kufuli, akachomoa kadi ndogo ya kumbukumbu, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Unyevu unaiharibu. Nitakwenda nayo ofisini."

Kwenye kadi ile mlima ulikuwa na saa zake za kweli. Shingo ya Paulo ilikuwa ndani ya mfuko ule, na Sabra hakuwa na silaha ila pingu ndani ya mkoba. Mtandao wa simu haukuwepo. Mosi alikuwa mbali chini, na hata Sabra angepiga yowe, ukungu ungelimeza.

"Tangulia, Inspekta."

"Tangulia wewe, mwenye mlima wako."

"Njia ni moja tu. Huwezi kupotea." Sauti ilikuwa ya upole. "Tangulia."

Alitangulia. Angefanya nini? Kukataa kungekuwa kukiri kwamba amejua, na pale kiwanjani ukingo ulikuwa karibu mno. Alishuka akiukumbatia upande wa mlima, mkono wa kulia ukipapasa majani na mizizi, mgongo wote ukiwa umegeuka sikio. Viatu vya Hafidhi vilisikika nyuma yake, si mbali, si karibu. Sabra akisimama, navyo vilisimama.

"Mtani, mbona kimya?" alijaribu. Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia. "Umeanza kuhesabu ubani wa matanga yangu?"

Hakujibiwa.

"Au unaogopa Wanyamwezi wakija kunichukua watakula mbuzi wenu wote?"

Njia iliingia mahali wenyeji wanapopaita Shingoni, ambapo mlima umesogea na korongo limesogea na katikati pamebaki nafasi ya mtu mmoja na mzigo wake. Ukungu ulipita miguuni kutoka upande wa kushoto. Chini kabisa, mahali pasipoonekana, maji yalikuwa yanalia kwenye mawe.

"Wilfred alikuwa mbishi sana," Hafidhi alisema nyuma yake.

Sabra aliendelea kutembea.

"Radi iliipiga mashine mwezi wa nne. Masika nzima haikurekodi kitu. Na mimi shahada yangu ya uzamivu inangojea masika hiyo, watu wazima wanangojea, mama yangu ametangazia Mkuyuni nzima kwamba mwanawe anakuwa daktari. Nikajaza mwenyewe. Kuna ubaya gani? Umbo ni lile lile, nimekuonyesha. Nikachora milima ya masika nzima, na Dokta Irene mwenyewe, mkuu wa mradi, akaisifu." Jiwe lilibingirika chini ya kiatu chake, likaanguka, na Sabra hakusikia lilipofika. "Wilfred akasema lazima amwambie. Nilimsihi, Inspekta. Nilimpigia magoti pale pale kwenye nguzo. Akaufungua waya mbele yangu, akasema eti mashine iliyolala haioti."

Sabra aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu avae magwanda. Hakuogopa kwa sababu ya habari yenyewe. Aliogopa kwa sababu ameambiwa. Mtu hakupi siri kama hiyo halafu akakuacha ufike nyumbani.

Viatu viliharakisha.

Ndipo alipokaa. Alijiachia chini pale pale kwenye tope, makalio ya serikali na suruali iliyotoka kufuliwa, akaukumbatia mzizi mnene uliotoka ubavuni mwa njia na kuufunga kwa mikono yote miwili. Aliyesimama husukumwa. Aliyekaa inabidi ainuliwe kwanza.

"Mguu!" alilia. "Mguu wangu, mama yangu!"

Hafidhi alisimama juu yake. Kwa karibu uso wake haukuwa wa muuaji wala wa nini. Ulikuwa wa mwanafunzi aliyekutwa na swali ambalo hakulisoma. Alitazama mbele ya njia, akatazama nyuma, akainama.

"Nipe mkono, Inspekta."

"Nikikupa mkono utaniposa."

"Nipe mkono."

"Waluguru hamna mahari ya kunitosha. Niache nipumue."

Hafidhi aliushika mkono wake wa kulia na kuanza kuubandua kwenye mzizi, kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayemenya kitu. Sabra aliikaza mikono mpaka kucha zikazama kwenye gome. Kidole cha kwanza kikaachia. Alitaka kuomba, na dua zote alizofundishwa zikamkimbia, akabaki na jina la Mungu peke yake analirudia moyoni.

Wimbo ulitoka juu yao, ndani ya ukungu. Sauti za wanawake, wimbo wa kanisani unaoimbwa kwa kupokezana na watu wanaoteremka na mizigo. Hafidhi aliachia mkono na kujinyoosha. Tenga la kwanza lilitokeza, limejaa kabichi, chini yake uso wa Regina, na nyuma yake wenzake wanne au watano na karoti zao, wakijibana ubavuni kwenye ile njia nyembamba.

"Nini tena hapa?" Regina aliuliza.

Sabra alimwona Hafidhi akipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Kupiga yowe kwamba huyu ni muuaji? Wanawake wangerudi nyuma kwa woga, kama mtu yeyote mwenye akili angerudi nyuma, na kadi ingeruka kwenda korongoni, na labda yeye pamoja nayo. Alitakiwa awalete karibu. Akavuta pumzi, akaitafuta sauti yake kubwa kabisa, ile ya misibani.

"Waluguru!" alipaza. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora, nimechoka, mguu umevunjika, nataka mtu wa kunibeba! Huyu kijana wenu mnamuuza bei gani?"

Mwanamke wa nyuma akapasua kicheko.

"Huyo? Mchukue bure! Anakula sana!"

"Bure sitaki, mtasema nimemwiba! Natoa chumvi kijiko kimoja!"

"Kijiko ni kingi mno!" mwingine akadakia. "Toa nusu, na udai chenji!"

Matenga yalikuwa yanashuka chini. Wanawake walisogea wakicheka, mikono ikiwawasha kama inavyowawasha watani wote wanapoona mtu wa kuuzwa. Hafidhi alitabasamu. Ilimbidi. Mluguru wa Mkuyuni mbele ya mama zake hawezi kukasirika katika utani. Anayekasirika hutozwa, husimuliwa, huchekwa mpaka wajukuu. Alisimama na tabasamu lile na mkono ukiwa nusu ya njia kwenda mfukoni, akitafuta neno la kutokea, na muda ule mfupi wa adabu ndio uliomponza.

"Mnishikie basi bidhaa yangu isikimbie!" Sabra alisema. "Mmoja mkono huu, mmoja huu! Nileteeni hapa nimfunge kamba, Tabora ni mbali!"

"Mfunge, mfunge kabisa asije akarudi!"

Walimshika. Regina mkono wa kulia, mwenzake mnene mkono wa kushoto, wengine wakimsukuma mgongoni kwa vicheko, wakamgandamiza ubavuni mwa mlima mbali na ukingo na kumletea Sabra viganja vyake viwili kama watu wanaokabidhi kuku. "Jamani, mama zangu, jamani, niachieni," Hafidhi alikuwa anasema, na kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka. Sabra alikuwa bado amekaa kwenye tope. Aliingiza mkono mkobani na kutoa pingu.

Chuma kililia mara mbili.

Sabra aliinuka kwa miguu yote miwili iliyo mizima. Alitia vidole kwenye mfuko wa shati la Hafidhi, akaitoa kadi, akaifunga ndani ya leso na kuisukuma kifuani mwake.

"Hafidhi Abdulmajid," alisema, "nakukamata kwa mauaji ya Wilfred. Si Jumatano asubuhi. Jumatano alasiri."

Kicheko kilikufa kimoja kimoja, wa nyuma akiwa wa mwisho kuelewa. Yule mnene aliuachia mkono wa kushoto kama ameshika kaa la moto. Aliyekuwa mgongoni alirudi nyuma akakanyaga tenga, kabichi moja ikabingirika, ikavuka njia, ikatoweka, na wote wakasikiliza. Hafidhi hakuwa anamtazama Sabra. Alikuwa anaangalia upande ule ule kabichi ilikokwenda, na uzito wa mwili wake ulikuwa umeanza kuhamia huko.

Wote walikuwa wamemwachia isipokuwa Regina. Alikuwa amesikia neno alasiri, na midomo yake ilikuwa inalirudia bila sauti. Alizungusha mkono wake mara moja kwenye mnyororo wa pingu, akaegemeza mgongo kwenye mlima, akakita miguu kwenye tope.

"Huendi," alimwambia Hafidhi. "Utashuka na mimi mpaka kwa mdogo wangu."